Nusu dozi shambani: Kiwavi hujikinga, mkulima hulipa

MVUA za kwanza zinaponyesha katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwa kawaida mwezi Novemba, biashara ya pembejeo mjini Sumbawanga hubadilika sura. Wakulima wanaoingia mjini kupitia Katandala huanza kwa kuulizia mbegu na mbolea. Wiki chache baadaye, mahindi yakiwa yamefika magotini, swali huwa moja tu: dawa gani inaua viwavi?

Swali hilo halikuwa na uzito wa sasa kabla ya mwaka 2017. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, waligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016. Mwaka uliofuata walikuwa wameingia Tanzania, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kukumbwa. Tangu hapo hawajaondoka. Nondo mmoja jike anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake, na ana uwezo wa kuruka hadi kilometa 100 kwa usiku mmoja. Hakuna mkulima anayeweza kusema shamba lake liko mbali na mdudu huyu.

Miongoni mwa dawa zinazotumika dhidi ya viwavi kuna kundi ambalo wakulima wengi hawalielewi vizuri. Hizi ni dawa zilizotengenezwa kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambaye kwenye lebo huandikwa kwa kifupi Bt. Lawama dhidi yake zinafanana karibu kila mahali: mkulima amepulizia jioni, asubuhi amekuta viwavi wangali hai, akahitimisha kwamba ameuziwa maji. Msimu unaofuata anarudi kwenye sumu kali, au anachukua dawa ile ile na kuipunguza ili fedha isipotee nyingi.

Uamuzi huo una gharama kubwa kuliko unavyoonekana. Ili kuiona, ni lazima kwanza kufahamu kinachotokea ndani ya mwili wa kiwavi pale anapokutana na bakteria.

Bakteria aliyeanza kwa kuua mali

Bt hakugunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta dawa. Mwaka 1901, Mjapani Shigetane Ishiwata alikuwa akichunguza ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri, ambao kwa wafugaji wa Japani walikuwa mali. Ndiye aliyemtenga bakteria huyo kwa mara ya kwanza. Miaka 10 baadaye, Mjerumani Ernst Berliner alimkuta bakteria wa aina hiyo katika viwavi wa nondo wa unga waliotoka katika jimbo la Thüringen, na jina la jimbo hilo ndilo analobeba hadi leo.

Bakteria huyu hutengeneza fuwele ndogo za protini. Fuwele hizo hazimdhuru kiwavi kwa kumgusa. Ni lazima azile. Utumbo wa kiwavi una hali ya alikali kali, mfano wa maji ya magadi. Humo ndimo fuwele huyeyuka na kugeuka sumu, kisha sumu hiyo hujishikiza kwenye seli za utumbo na kuzitoboa. Tumbo la binadamu lina asidi, na seli zake hazina mahali pa sumu hiyo kushika. Ndiyo sababu dawa hizi huhesabiwa kuwa na hatari ndogo sana kwa mpuliziaji, kwa mlaji na kwa nyuki, zikilinganishwa na sumu za kawaida.

Ndani ya saa chache kiwavi aliyekula dozi ya kutosha huacha kula. Hafi papo hapo. Huweza kubaki kwenye jani siku mbili, tatu au hata tano, akiwa amelegea, huku bakteria wakipenya kutoka kwenye utumbo uliotoboka na kuingia katika damu. Mkulima anayehesabu viwavi hai asubuhi ya pili anahesabu kitu kisicho sahihi. Kinachopaswa kuangaliwa ni kama kuna majani mapya yaliyoliwa na kinyesi kibichi kwenye moyo wa mhindi.

Mlinzi asiye na kingamwili

Kiwavi naye hakai tu kusubiri kufa. Wadudu hawana kingamwili kama zile ambazo binadamu huzipata baada ya kuugua au kuchanjwa. Hata hivyo wana mfumo wa kinga wa zamani sana, na unafanya kazi kwa kasi.

Ukuta wa bakteria umejengwa kwa molekuli iitwayo peptidoglikani, ambayo wanyama na wadudu hawaitengenezi. Kwa hiyo vipande vya molekuli hiyo vikionekana ndani ya damu ya mdudu, ni ushahidi tosha kwamba adui ameingia, hata kabla hajaonekana mwenyewe. Ni sawa na mlinzi wa ghala anayekuta nyayo ngeni kwenye unga uliomwagika. Hamngoji mwizi ajitokeze ndipo apige filimbi.

Mdudu ana protini maalumu za kuzitambua nyayo hizo. Zikishazinasa, hupeleka taarifa kwenye tishu ya mafuta, ambayo kwa wadudu hufanya kazi kama ya ini. Tishu hiyo huanza kutengeneza protini fupi zinazoua bakteria na kuzimimina katika damu ndani ya saa chache. Wakati huo huo seli za damu huwameza wavamizi, na sehemu iliyojeruhiwa huzibwa kwa utando mweusi.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1981 kundi la Hans Boman nchini Sweden lilieleza protini za namna hiyo lilizozipata katika pupa wa nondo mkubwa wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann mjini Strasbourg, Ufaransa, likiwa na Bruno Lemaitre, lilionyesha kwamba inzi wadogo wa matunda wakikosa kipokezi kimoja kiitwacho Toll hushindwa kujikinga na kuvu, hata wakafunikwa nao. Kazi hiyo ilimpatia Hoffmann sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2011, kwa sababu vipokezi vinavyofanana na hicho vilikuja kukutwa hata kwa binadamu.

Bakteria naye ana mbinu zake. Bt hutoa vimeng'enya vinavyokatakata protini za kinga za mdudu. Hivyo kinachoendelea ndani ya kiwavi baada ya shamba kupuliziwa ni vita, na mshindi hutegemea wingi wa askari walioingia na hali ya mwenye ngome.

Kinga ina bei

Kwa mtu anayetazama mambo kwa jicho la uchumi, sehemu muhimu zaidi ni hii: kinga ya mdudu hailetwi bure. Mwaka 2000 watafiti Yannick Moret na Paul Schmid-Hempel nchini Uswisi walichukua nyuki-bambi na kuwadunga molekuli za bakteria, si bakteria hai. Hapakuwa na ugonjwa wowote, ila kinga iliamshwa. Nyuki waliokuwa na chakula cha kutosha waliendelea vizuri. Wale walionyimwa chakula walikufa mapema kuliko wenzao wenye njaa ambao kinga yao haikuamshwa. Waliitumia akiba yao kulipia ulinzi.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu kiwavi shambani. Kiwavi mchanga, mwenye siku chache tangu aanguliwe, hana akiba. Utumbo wake ukitobolewa na akaacha kula, hana cha kugharimia kinga wala cha kukarabati utumbo. Kiwavi mkubwa ana akiba nyingi mwilini, na kwa sababu ya ukubwa wake anahitaji sumu nyingi zaidi. Isitoshe, yuko ndani kabisa ya moyo wa mhindi, amejifunika kwa kinyesi chake, mahali ambapo dawa haimfikii kirahisi.

Ni hapo nusu dozi inapokuwa msaada kwa mdudu badala ya mkulima. Kiwavi aliyekula sumu kidogo huacha kula kwa muda, huziba majeraha, huota seli mpya za utumbo na kurejea mezani. Mkulima amelipa dawa, amelipa kibarua, na mhindi unaendelea kuliwa.

Kuna ushahidi kwamba madhara yanaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Australia walieleza kwamba viwavi wa nondo wa unga waliolishwa kiasi kidogo cha Bt kisichoua walikuwa wagumu zaidi kuuawa na dozi iliyofuata, na kwamba sehemu ya ugumu huo ilipita kutoka kwa mama hadi kwa watoto. Hao ni nondo wa ghalani, si viwavijeshi, lakini funzo halipuuziki: kiasi kidogo cha bakteria kinaweza kuiandaa kinga ya mdudu badala ya kuishinda.

Mbali na hilo upo usugu wa kurithi, ambao ni suala jingine. Katika kila kundi kubwa la wadudu huwapo wachache ambao seli za utumbo wao zimetofautiana kidogo, sumu haishiki. Wakiachwa peke yao kizazi baada ya kizazi, ndio wanaobaki kuwa mbegu. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba nondo wa kabichi wa huko Hawaii walikuwa wamekuwa sugu dhidi ya Bt iliyokuwa ikipuliziwa mara kwa mara. Kiwavijeshi vamizi mwenyewe ameshafanya hivyo: katika kisiwa cha Puerto Rico alikuwa sugu dhidi ya aina moja ya mahindi yaliyotiwa sumu ya Bt, na kufuatia uharibifu ulioonekana mwaka 2006 mbegu hiyo iliondolewa sokoni kisiwani humo.

Hesabu ya mkulima

Je, hasara inayopiganiwa ni kiasi gani? Mwaka 2017 shirika la CABI lilikadiria kwamba nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 kwa mwaka kama mdudu huyu asingedhibitiwa. Makadirio hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na maelezo ya wakulima. Utafiti uliopima mashamba yenyewe katika wilaya mbili za Zimbabwe, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta upungufu wa mavuno wa asilimia 11.57. Hasara ipo, lakini shamba lililotobolewa majani si lazima liwe shamba lililokufa. Mahindi machanga yana uwezo mkubwa wa kujirudi yakipata mbolea na maji.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ambao kila mkulima anaweza kuubadilisha kwa bei za kwake. Ekari moja inatoa magunia 15. Upungufu wa asilimia 11.57 ni takriban gunia 1.74. Gunia likiuzwa Sh 50,000, hasara ni kama Sh 87,000. Dawa ya kupulizia mara mbili kwa dozi kamili, tuseme, ni Sh 40,000, na inaokoa theluthi mbili ya hasara, yaani Sh 58,000. Mkulima anabaki na Sh 18,000 kabla ya kulipa kibarua.

Akitumia nusu dozi, dawa inamgharimu Sh 20,000. Ikiokoa robo tu ya hasara, anarudisha karibu Sh 21,750. Faida ni Sh 1,750, ambayo haitoshi hata kumlipa aliyebeba bomba mgongoni. Aliyedhani ameokoa Sh 20,000 amepoteza zaidi ya Sh 16,000.

Mfano huo una upande wa pili ambao hauzungumzwi sana madukani. Gunia likishuka hadi Sh 30,000, hasara yote inakuwa Sh 52,200, na theluthi mbili yake ni Sh 34,800. Hapo hata dozi kamili ya Sh 40,000 hairudishi fedha yake. Kwa mkoa kama Rukwa, ambao huzalisha ziada na hutegemea wanunuzi wa nje ya mkoa pamoja na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), bei ya mahindi ni sehemu ya uamuzi wa kupulizia sawa na idadi ya viwavi.

Kwa sababu hiyo, kupulizia kwa mazoea au kwa kuwa jirani amepulizia ni kutupa fedha. Mwongozo unaotumika kwa wakulima wadogo barani Afrika ni kutembea shambani kwa mstari wa zigizaga, kusimama sehemu tano na kukagua mimea 10 hadi 20 kila sehemu. Mahindi yakiwa bado machanga, dawa hufikiriwa pale mimea iliyoshambuliwa inapokaribia 20 kati ya 100. Yakiwa yamekua lakini hayajatoa mbelewele, kiwango hicho hupanda hadi 40. Chini ya hapo, kuponda mayai na viwavi kwa vidole, kazi inayoweza kufanywa pamoja na palizi, ni nafuu kuliko chupa yoyote.

Ufipa ina jambo lake la ziada, nalo ni baridi. Kwenye joto mdudu huyu hukamilisha maisha yake kwa takriban siku 30. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Kiwavi hula polepole siku za baridi, na dawa inayotakiwa kuliwa nayo hufanya kazi polepole. Jua kali huiharibu Bt ndani ya siku chache, na mvua kubwa huiosha. Saa inayofaa ni jioni, dawa ikielekezwa kwenye moyo wa mhindi, siku isiyo na dalili ya mvua ya karibu.

Wajibu wa mwenye duka

Mkulima hawezi kubebeshwa mzigo wote. Dawa ya bakteria ni tofauti na sumu ya kemikali kwa kuwa huharibika upesi ikitunzwa vibaya. Chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, au iliyopita muda wake, inaweza kuwa dhaifu ingawa rangi na harufu yake havijabadilika. Aliyeinunua atapulizia dozi kamili kwa macho, na nusu dozi kwa kweli.

Kugawa dawa kwenye vichupa visivyo na lebo, desturi inayoonekana kama huruma kwa mwenye fedha kidogo, kuna madhara hayo hayo. Mnunuzi haoni tarehe, haoni kipimo, na hajui ni Bt ya aina gani. Hili la aina si dogo. Kiwanda cha Tanzania Biotech Products cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kilianzishwa kutengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu. Bt ya mbu ni ya aina iitwayo israelensis. Bt za viwavi ni za aina nyingine, hasa kurstaki na aizawai. Anayemuuzia mkulima dawa ya mbu kwa ajili ya mahindi anamuuzia kweli maji.

Kisheria, usajili na usimamizi wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mkulima ana haki ya kuiona namba ya usajili kwenye lebo na kudai risiti. Mfanyabiashara anayejali kesho yake ana kila sababu ya kuyatimiza hayo, kwani mteja aliyekata tamaa na dawa moja huanza kulitilia shaka duka zima.

Rukwa imeshaona

Wazo la kumwua mdudu kwa ugonjwa wake mwenyewe si geni katika mkoa huu. Bonde la Ziwa Rukwa ni moja ya mazalio ya nzige wekundu, na mwaka 2009 shirika la FAO pamoja na shirika la kimataifa la kudhibiti nzige hao, IRLCO-CSA, walipulizia kuvu waitwao Metarhizium katika maeneo yapatayo hekta 10,000 nchini, yakiwamo mbuga za Ziwa Rukwa, Iku-Katavi na bonde la Malagarasi. Kuvu walichaguliwa kwa sababu maeneo hayo yana wanyamapori na maji. Nzige hawakuanguka siku ile ile; kuvu huchukua wiki moja hadi tatu. Lakini kundi lilidhibitiwa kabla halijasambaa.

Nzige nao hujitetea. Aliyeambukizwa huota jua kwa muda mrefu ili joto la mwili lipande na kuwachelewesha kuvu, mfano wa homa ya kujitengenezea. Waliopanga kazi ya 2009 walijua kwamba dawa iliyo hai hudai subira na kipimo sahihi.

Njia nyingine, ya kuweka sumu ya Bt ndani ya mbegu yenyewe, haipo mikononi mwa mkulima wa Ufipa. Mahindi ya majaribio yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, lakini Serikali iliagiza majaribio yasimamishwe mwaka 2018, na mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha utafiti wa mazao ya namna hiyo. Mtu anaweza kuunga mkono au kupinga uamuzi huo. Kwa vyovyote vile, umeifanya Bt ya kupulizia kuwa silaha yenye thamani zaidi, na silaha hiyo huweza kuisha makali.

Hapo ndipo suala hili linapotoka kwenye shamba la mtu mmoja. Nondo hawana mpaka. Usugu ukitengenezwa kwa nusu dozi katika shamba moja, utavuka hadi kwa jirani aliyefuata lebo. Maofisa ugani wa kata wanapokutana na wakulima mwanzoni mwa msimu, mambo manne yanatosha kusisitizwa: kagua kwanza, pulizia viwavi wangali wadogo, tumia kipimo kilichoandikwa, na badilisha aina ya dawa badala ya kurudia moja msimu mzima. Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika vinaweza kuongeza la tano, la kununua dawa kwa pamoja kutoka kwa muuzaji anayeitunza kivulini. Asiye na uwezo wa dozi kamili kwa ekari tatu ni heri apulizie kikamilifu ekari moja iliyoshambuliwa zaidi, na mbili zilizobaki azikague na kuzipitia kwa mkono.